Muratina Ndani ya Friji ya Waini

Ijumaa, 8 Agosti

Kuku wamelishwa. Chai imenywewa. Gathogo amepangusa friji yake. Kila asubuhi ni hivyo: mume wangu akishavaa viatu, anachukua kitambaa chenye maji na kusugua kioo cha ile friji ya waini mpaka aone meno yake. Waini yenyewe haijawahi kuingia humo hata siku moja. Aliinunua kwa mzungu wa shamba la maua kule Naivasha aliyekuwa anahama, akaileta hapa Kiamunyi juu ya pikapu, taa zimewashwa mchana, honi njia nzima. Ndani tunaweka mayai, sukuma wiki na dawa yangu ya macho. Imekaa sebuleni kando ya televisheni. Nimeitandikia kitambaa cha kufuma juu yake kwa sababu siwezi kuiangalia hivyo hivyo.

Saa nne simu ikalia kutoka Rongai. Mzee Njoroge, baba yake Wambui, mchumba wa mwanangu Mwangi, amefiwa na shemeji yake. Ruracio ya kesho, sherehe ya kupeleka mahari, imesukumwa mpaka Jumamosi ijayo. Tukasema pole. Halafu Gathogo akaketi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Si kwa ajili ya marehemu. Kwa ajili ya pombe.

Muratina ililetwa jana kutoka Bahati. Mzee Kamande ameitengeneza kwa asali, na iko tayari, tamu, ya kunywewa leo na kesho. Wiki nzima? Itakuwa siki. Na Rongai hatuwezi kupeleka siki. Mwezi wa nne tulienda na pombe ambayo Gathogo aliichota kwenye baa akaiongeza sukari, akidhani wazee wa Rongai hawana ndimi. Mzee Njoroge alionja, akatema, akarudisha pembe ya kunywea. Akasema mbele ya watu wote kwamba tukirudi na upuuzi mara ya pili, Mwangi atafute mke kwingine. Mwanangu alilia ndani ya gari. Mtu mzima, mwenye ndevu. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Nakuru.

Hakuna muda wa kutengeneza nyingine. Mzee Kamande asali yake imeisha, na muratina haipikwi kama uji.

Halafu Gathogo akasimama, uso umeng'aa. Friji ya waini! Si hii ndiyo kazi yake?

Mungu nipe subira.


Jumamosi, 9 Agosti

Tumetoa mayai. Tumetoa sukuma. Gathogo amechomoa rafu za mbao, akabakiza moja ya katikati, amepanga mitungi minne ya muratina ndani. Mitatu imeingia vizuri. Wa nne ni mrefu, shingo yake inagusa mlango. Mlango haufungi sawasawa. Nimemwambia. Amekata blada ya baiskeli akaifungia friji tumboni, akavuta, akapiga fundo. Sasa inakaa kama mgonjwa wa mgongo.

Nilifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa mpaka nikastaafu. Najua mlango usiofunga ni nini. Gathogo alikuwa anauza mbolea. Lakini friji ni yake na yeye ndiye mwanamume, kwa hiyo nimenyamaza nikaenda kuchambua mchele.

Ameshusha kipimo mpaka namba ya chini kabisa. Eti ilale usingizi mzito. Vifuniko vya mitungi amevilegeza, kwa sababu muratina isipopumua hupasua mtungi. Hapo tu ndipo alipokuwa na akili.

Mwangi amepiga simu kutoka Nairobi mara tatu kuuliza hali ya pombe. Hajauliza hali yangu.


Jumapili, 10 Agosti

Wakati wa maombi ya jioni friji imeanza kukoroma. Krrr, krrr, kimya. Krrr. Jirani aliyekuja kusali nasi alifungua jicho moja. Gathogo akaongeza sauti ya maombi.

Baadaye nimefungua mlango. Mtungi wa juu uko na joto kama mwili wa mtu. Wa chini una barafu ubavuni. Kile kinamba cha mbele kinasema tano, kimetulia, kinadanganya kama mwanasiasa. Nimeweka mkono kwenye matundu ya nyuma ambako upepo hutokea. Hakuna upepo. Ni feni hiyo. Baridi inazaliwa chini na haina wa kuipeleka juu. Mtoto wa darasa la tano angeelewa.

Gathogo anasema ni sauti ya friji kuzoea mzigo.


Jumatatu, 11 Agosti

Fundi amekuja. Fundi Sammy, aliyependekezwa na rafiki yake Gathogo. Miwani myeusi ndani ya nyumba. Ameniita mathe kabla hajasema hodi. Nikamwambia feni haizunguki. Akasema, "Relax, mathe." Akaweka sikio kwenye friji kama daktari, akagonga mara mbili, akasema gesi imeisha.

Gesi. Kila friji katika nchi hii ikikohoa, gesi imeisha. Nikamuuliza: kama gesi imeisha, barafu ya chini imetoka wapi? Akamgeukia Gathogo. Hao wawili wakazungumza juu yangu kana kwamba mimi ni kochi.

Ameweka gesi. Ameacha sakafu yangu na mafuta na vipande vya waya. Hakufungua hata skrubu moja ya ndani. Amelipwa, amekunywa chai yangu vikombe viwili, ameenda. Krrr imeendelea kabla hajafika kwenye geti.

Ninawadharau wote wawili, na ninamdharau zaidi yule aliyemlipa.

Jioni Wambui amepiga simu. Ananiita "mum." Alianza kuniita hivyo siku ya kwanza kabla sijamruhusu. Alitaka kujua kama friji inafanya kazi. Nikasema inafanya. Akasema, mum, niambie ukweli. Huyo ndiye Wambui. Ni wakili, na mdomo wake haujui mlango. Siku aliyoletwa hapa mara ya kwanza alisema mbele ya dada zangu kwamba nyama haijaiva. Kweli haikuwa imeiva. Lakini hilo ni jambo la kusemwa? Dada zangu wameibeba hadithi hiyo mpaka Olenguruone.

Mwangi angeweza kupata msichana mpole. Wako wengi. Nimemtajia wawili watatu. Hasikii.


Jumanne, 12 Agosti

Gathogo ameenda Rongai mazishini tangu asubuhi. Nyumba tulivu. Friji tu ndiyo inasumbua, na leo haikoromi tena, kumaanisha feni imekufa kabisa. Juu joto, chini mawe.

Saa sita stima ikapotea. Saa saba na kitu ikarudi, majirani wakapiga kelele kama kawaida. Sasa, hii friji ya mzungu hairudi yenyewe. Stima ikikatika lazima ubonyeze kile kitufe cha mbele, ushikilie, ndipo iamke. Gathogo hujisifu kuwa anakijua kitufe hicho peke yake. Mimi nakijua pia.

Nilijimiminia chai, nikaketi kwenye kochi, nikaiangalia. Giza ndani ya kioo. Kimya.

Nikafikiri hivi. Nisipobonyeza, mambo yataisha yenyewe. Jumamosi pembe itarudishwa, Mzee Njoroge atasema alichoahidi, Mwangi atalia tena ndani ya gari, halafu atapona. Watu hupona. Baada ya mwaka ataleta mwingine, mwenye adabu, asiyehesabu vijiko vya sukari kwenye chai yangu. Na hakuna atakayenilaumu. Wataambiana ni friji. Wataambiana ni fundi. Wataambiana ni Gathogo, na hilo lingenifurahisha kidogo.

Sikubonyeza.

Nimekunywa chai mpaka ikaisha. Nimepasi mashati. Nimetazama kipindi kimoja kizima cha kijinga. Joto la mchana liliingia sebuleni kwa lile dirisha kubwa, likakaa juu ya kioo cha friji, na sikuvuta pazia.

Karibu saa kumi na mbili Mwangi akapiga simu. Nilidhani atauliza pombe. Akasema, "Mum, nimemwambia Wambui asiwe na wasiwasi. Nimemwambia wewe ndiye unaiangalia." Kisha akaniuliza kama macho yangu yanaendelea vizuri, kama nimekumbuka dawa.

Dawa ya macho ilikuwa juu ya meza, pale nilipoiweka tulipotoa mayai. Nilikuwa nimeisahau tangu Jumamosi.

Nimebonyeza kitufe. Taa ikawaka ndani. Mtungi wa juu ulikuwa umesukuma kifuniko chake pembeni, povu limeshuka mpaka chini, na harufu imenipiga puani.

Mwanamke mbaya ni mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuiandika.


Jumatano, 13 Agosti

Nimeamka na hasira, na hasira ina faida zake. Gathogo alikuwa bado anakunywa uji nilipochomoa waya ukutani. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia anyamaze au ashike tochi. Akashika tochi.

Kwanza pombe. Mitungi yote nimeitoa, nimeiingiza kwenye karai kubwa la maji ya kisima kule stoo, nikaifunika magunia yaliyoloweshwa. Upepo wa Menengai unapiga pale siku nzima. Kwa kweli tungeiweka pale tangu Ijumaa ingekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa sebuleni ikionyeshwa wageni. Lakini nani angepiga picha ya gunia?

Halafu mlango. Nilikata karatasi, nikaibana kati ya mlango na mpira wake, nikavuta. Ikatoka bila kung'ang'ania. Upande wa juu wote uko hivyo. Blada ya Gathogo ilikuwa inabana katikati na kuachilia juu, na hewa yenye unyevu ilikuwa inaingia siku nzima, usiku mzima, kwenda kuganda. Nilimwonyesha. Akasema karatasi ile ni nyembamba mno.

Nikafungua skrubu za ubao wa nyuma kwa ndani. Haiya! Barafu. Nyeupe, nene, imejaa kwenye mabomba ya baridi na imeifunga feni yote, mapanga hayaonekani. Hiyo krrr tuliyoisikia ilikuwa feni ikijichubua kwenye barafu mpaka ikashindwa. Na Fundi Sammy akaongeza gesi. Angeongeza hata maji matakatifu.

Nimeweka sufuria ya maji moto ndani, nikafunga mlango, nikasubiri. Gathogo alitaka kuigonga barafu kwa kisu. Nikamnyang'anya kisu. Ukitoboa bomba lile friji imekufa, na ataniambia ni mimi.

Barafu ikayeyuka, ikamwagika, nikafuta. Feni ikaonekana. Nikaisukuma kwa kidole: inazunguka. Nikawasha: haizunguki. Nikainusa: imeungua. Nilikaa chini pale sakafuni na bisibisi mkononi na nikatukana kwa Kikuyu, maneno ambayo mama yangu hakujua nayajua. Gathogo alitoka nje akaenda kuangalia kuku.


Alhamisi, 14 Agosti

Nilienda mjini na feni mfu ndani ya mkoba, imefungwa kwenye tishu. Maduka mawili ya vipuri vya friji yakaniambia niagize Nairobi, itachukua wiki. Wiki! Mmoja akanishauri ninunue friji nyingine. Nikamwuliza kama na yeye akiugua jino hununua kichwa kingine.

Nikasoma kibandiko cha nyuma ya feni. Volti kumi na mbili, ya umeme mdogo. Feni za kompyuta ni hizo hizo. Nikaingia duka la kompyuta nyuma ya soko. Vijana watatu, simu mkononi, "niaje mathe," wakadhani nimepotea. Nilipowaambia nataka feni, ukubwa huu, volti hizi, waya mbili, mmoja akauliza ni ya kompyuta gani. Nikasema ya waini. Wakacheka mpaka wakashika meza. Lakini wakanipa.

Nimeiunga. Nimefunga waya kwa tepu, nimerudisha skrubu, nimewasha. Ikazunguka! Sauti nyororo kabisa. Nilimwita Gathogo aje aone. Nikamwambia yule Sammy wake ningemfundisha kazi kwa mkono mmoja. Nilisema mengi.

Saa nane nikapima. Juu bado kuna joto.

Nikalaani duka. Nikalaani vijana wale na meza yao. Nikavaa viatu niende nikawarushie feni yao usoni. Kisha nikachana kipande cha tishu, nikakishika mbele ya matundu, nione nguvu ya upepo. Tishu ikavutwa kwa ndani, ikabandika. Feni ilikuwa inanyonya pale inapotakiwa kupuliza. Niliifunga kinyume. Kuna mshale mdogo ubavuni unaoonyesha upepo unakokwenda, na mimi, wa chumba cha baridi, mimi wa kumfundisha Sammy, sikuuangalia.

Gathogo alikuwa mlangoni. Nikamwambia narekebisha skrubu. Akasema sawa. Sijui kama aliona. Ikiwa aliona na akanyamaza, hilo nalo linaniudhi.

Jioni juu na chini ni sawasawa. Nimerudisha mitungi mitatu, ule mrefu nimeuacha kwenye karai, mlango unafunga wenyewe, blada nimeitupa. Friji inafanya kazi kama saa. Yaliyomo ndiyo siyajui. Sijathubutu kuonja.


Ijumaa, 15 Agosti

Mzee Kamande amekuja kutoka Bahati kuonja. Alikuja na kikombe chake. Mtungi wa kwanza, uliokuwa juu: akageuza uso. Wa pili: akatikisa kichwa. Wa chini, ulioganda: akasema huu ni maji yaliyowahi kukutana na asali. Mtungi mrefu wa kwenye karai ndio ulio hai kidogo, na wenyewe umeanza kuchacha.

Aliniangalia mimi, si Gathogo. Akauliza ilikaa joto muda gani. Nikasema stima ilipotea Jumanne. Akasema stima ikipotea kidogo haifanyi hivi. Nikainuka kuleta chai.

Atachanganya. Kidogo cha huu, kingi cha ule, ataimimina kwenye kibuyu kesho asubuhi. Akasema itanyweka kwa mtu anayetaka kuinywa. Kwa anayetafuta kisa cha kuirudisha, kisa kipo.

Alipoondoka, Gathogo akatoa kopo la sukari kabatini. Sukari! Baada ya mwezi wa nne! Nilimpigia kelele mpaka majirani wakazima redio. Nikachukua kopo nikalifungia kwenye sanduku langu la nguo. Kesho watu wanywe chai bila sukari.

Mwangi amefika na suti mpya. Amenikumbatia, ameniita fundi. Gathogo alimsimulia habari ya feni, na akaisimulia vizuri, na hakutaja mshale. Mwangi akacheka, akasema sasa yuko na amani.

Sikula usiku. Nimesema ni tumbo.

Kesho itakuwa hivi. Mzee Njoroge atamimina pombe kwenye pembe. Safari ile hakungoja, alionja yeye mwenyewe kwanza, akatema. Lakini desturi yenyewe ni kwamba humwuliza msichana, tunywe? Msichana akinywa, basi, hakuna mzee anayeweza kuirudisha tena. Asiponywa, tunarudi nyumbani. Kwa hiyo yote yanategemea kama huyo mzee atainusa au ataionja kabla ya kumpa. Na ataionja. Alishaumwa na nyoka. Na hata asipoionja, itafika kwa Wambui, ambaye hajawahi kumeza kitu bila kutoa maoni.

Nilitaka pembe irudishwe. Niliitaka Jumanne nikiwa na chai mkononi. Sasa naweza kuipata, na sitaki hata kuifikiria.


Jumapili, 17 Agosti

Mvua kidogo asubuhi. Sikuenda kanisani. Gathogo ameenda peke yake.

Niandike ya jana.

Rongai walikuwa wamefunga hema kwenye kiwanja mbele ya nyumba, mahindi pande zote. Wazee mstari mmoja, sisi mstari mwingine. Mzee Njoroge na kofia yake ya manyoya. Kibuyu kikawekwa katikati. Mzee Kamande hakumwangalia mtu yeyote. Mwangi alikuwa anavuta kola ya shati kama inamnyonga.

Mzee Njoroge akamimina. Akainua pembe mpaka puani, akakaa nayo hapo. Nikaona pua yake ikifunguka. Nikaona mdomo wake ukianza kukazana, ule ule mdomo wa mwezi wa nne. Nilijua alichonusa. Ilikuwa ni mchana wa Jumanne.

Wambui alikuwa amekaa na shangazi zake upande wa kushoto, amefunikwa leso. Akasimama. Hakuitwa. Akatembea katikati ya watu, akanyoosha mikono yote miwili, akaitwaa pembe kutoka mkononi mwa baba yake kabla haijagusa midomo. Shangazi mmoja akasema haiya kwa sauti. Nani amewahi kuona msichana akijichukulia? Mwingine akashika mdomo.

Akanywa. Si kuonja, akanywa yote, koo likipanda na kushuka, mpaka pembe ikawa tupu. Akaigeuza juu chini watu waone. Uso wake haukusogea hata kidogo. Nilikuwa namwangalia kuliko mtu yeyote pale, na ninasema haukusogea.

Akasema, "Baba, kunyweni."

Mzee Njoroge akamtazama kwa muda mrefu. Wambui naye akamtazama, hakuteremsha macho. Halafu mzee akamimina tena, akanywa, uso ukakunjika wote, akafumba jicho moja. Akampa wa pili. Yule akakohoa. Lakini desturi ni desturi, na wakanywa mpaka wa mwisho, wakiguna, na vigelegele vikapigwa. Mwangi alikuwa amekaa tu, ameduwaa. Gathogo alilia waziwazi. Hakuwa na haya.

Mimi nikatoka. Nilienda nyuma ya nyumba, penye mfereji, bomba la kunyweshea ng'ombe, kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu. Wambui alikuwa hapo. Ameinama, leso ameishikilia kifuani kwa mkono mmoja, anasukutua, anatema, anasukutua.

Akaniona. Akasema, "Mum, hiyo kitu imeharibika kabisa. Karibu nife."

Nikafungua mfereji zaidi. Nikamshikia leso isiloe. Alisukutua mara nyingine. Mgongo wake ni mwembamba, sikuwahi kuona. Nikamwambia. Sikujua kama nitasema mpaka nilipokuwa nasema. Nikamwambia stima ilirudi Jumanne na mimi niliiacha friji imezima, mchana mzima, nikinywa chai, na kwamba nilifanya makusudi.

Akafunga mfereji. Akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. Akanitazama, na nikangoja, kwa sababu huyu ni mtu anayesema kila kitu.

"Tuseme ni stima, mum," akasema.

Nikasema sawa. Akachukua leso yake, nikamfunga vizuri begani, tukarudi kwa watu. Walikuwa wameanza kugawa chakula.